Siku Mnyapara Alipowapunguza Vibarua

Mheshimiwa Gavana wa jimbo letu. Mheshimiwa Meya wa San Celedonio. Baba Paroko, uliyetuombea kabla hatujagusa sahani. Makapitani wa vijiji vyote vya bonde la Pandalayan, na hasa wewe Kapitan Balili wa Tubigan, uliyekuja kwenye sherehe na viatu vya mpira kwa sababu unajua unakotoka. Wakuu wangu wa Ofisi ya Maonyo ya Mafuriko. Watoto na wajukuu wa mgeni wetu wa heshima. Wenzangu wa zamu. Mabibi na mabwana: nawasalimu nyote, na poleni kwa joto.

Nimepewa dakika kumi. Jocelyn Macaraeg, mpokeaji wetu wa redio, ambaye leo ndiye mshika ratiba, alinipenyezea kikaratasi wakati wa sala. Kimeandikwa hivi: "Kuya, leo tucheke. Usianze habari za Novemba." Nimekisoma, nimekikunja, kipo mfukoni. Unisamehe, mdogo wangu uniitaye Kuya, yaani kaka. Wiki nzima nimejaribu kuandika hotuba ya kuchekesha, na kila nilipofika mstari wa tatu mkono ulianza kuandika Novemba wenyewe.

Kwa msionijua, mimi ni Hermenegildo Tabangcura, msimamizi wa zamu ya asubuhi. Na tumekusanyika kumuaga Mhandisi Felicitas Dumalagan, ambaye bonde zima, kuanzia madereva wa traisikeli hadi wewe Mheshimiwa Gavana, humwita Ate Fely, dada mkubwa Fely, kana kwamba kila nyumba ilimzaa yeye kwanza. Ameitumikia ofisi hii miaka thelathini na moja. Walionitangulia wamemsifu kwa elimu yake, kwa subira yake, na kwa tambi za pansit anazotupikia kila mmoja wetu anapotimiza mwaka. Yote ni kweli. Lakini mimi nitamsifu kwa jambo ambalo halisifiwi kwenye sherehe. Nitamsifu kwa woga wake.

Je, mtu husifiwa kwa woga? Naomba mnivumilie nisimulie, kisha mniambie wenyewe.

Kando ya mto wetu, kuanzia milimani hadi unapoingia baharini, kuna vipima-maji mia tatu na kumi na viwili. Kila kimoja hutuma habari ofisini kila dakika, kupitia minara ya simu: maji yamefika hapa, mvua imenyesha kiasi hiki. Maji yakianza kupanda, hutuma kila sekunde tano. Habari hizo hazikai zikingoja mtu azifungue kama barua. Zinakuja mfululizo, hazikatiki, na lazima zichakatwe zingali moto, zisafishwe, zilinganishwe, zipigiwe hesabu, mpaka litoke jibu moja ambalo ndilo kazi yetu yote duniani: maji yatafika kijiji gani, saa ngapi. Jibu hilo ndilo linalogeuza rangi ya mbao za taa zilizosimama kwenye viwanja vyenu, kutoka kijani hadi nyekundu, na ndilo linalopiga ving'ora.

Uchakataji huo hufanywa na programu inayojigawa nakala nyingi, kila nakala ikibeba fungu lake la mto. Nakala hizo sisi tuliziita vibarua. Siku ya jua, vibarua wawili wanatosha na bado wanapiga miayo. Siku ya kimbunga, hata sitini huelemewa. Zamani idadi yao aliipanga Ate Fely kwa mkono. Akisikia magoti yake yanauma, aliongeza vibarua. Tukimcheka, aliongeza wengine. Ndiyo, tulikuwa na vibarua arobaini wasio na kazi Aprili nzima. Na ndiyo, mara mbili kimbunga kilikuja siku yeye yuko likizo, habari zikarundikana foleni, na hesabu zikatoka zimechelewa kama harusi.

Basi miaka miwili iliyopita mimi, Hermenegildo, nilileta dawa. Nilileta programu ya kuwasimamia vibarua, tukaiita Mnyapara. Mnyapara hufanya jambo moja: anaitazama foleni. Foleni ikirefuka, anaita vibarua zaidi. Foleni ikifupika, anawaruhusu waende. Hachoki, haendi likizo, hasikii magoti. Nilisimama katika ukumbi huuhuu nikaeleza mashine zitakavyojipanga zenyewe kulingana na kazi iliyopo, na mlinipigia makofi. Wewe Mheshimiwa Meya ulisimama kabisa.

Ate Fely hakupiga makofi. Alinikuta jikoni ofisini nachanganya kahawa ya pakiti.

"Hermie, huyo Mnyapara wako ni mzuri," akasema. "Ila ananitia hofu."

Wenzetu walikuwa wamejaa pale, na mimi nilikuwa bado nina makofi masikioni. Nikamwambia, "Ate, wewe unaogopa mashine kama bibi yangu alivyoliogopa jiko la gesi. Alikuwa akisali rozari nzima kabla ya kuwasha."

Watu wakacheka. Naye akacheka. Kisha akaniuliza, "Bibi yako aliwahi kuungua?"

"Hapana."

"Ahaa."

Akanywa kahawa yake. Halafu akaniuliza swali ambalo nimelisikia kila siku tangu Novemba. "Hebu niambie. Foleni ikiwa fupi, Mnyapara atajuaje kama ni fupi kwa sababu mto umetulia, au ni fupi kwa sababu waleta habari wamekufa?"

"Minara ya simu haiwezi kuzimika yote kwa mpigo, Ate."

"Nani kakwambia?"

"Imeandikwa kwenye mkataba wa kampuni ya simu."

"Mkataba haujawahi kunyeshewa, Hermie."

Aliomba kitu kidogo tu: kwamba siku za kimbunga Mnyapara awekewe mpaka, asiruhusiwe kushuka chini ya vibarua arobaini hata foleni ikiwa tupu kabisa. Mimi niliandika waraka kuupinga ushauri huo. Niliandika kwamba ni ubadhirifu, na kwamba, nanukuu maneno yangu mwenyewe, "unatokana na mazoea ya zamani". Kamati ilinikubalia mimi. Mpaka ukawekwa kwenye vibarua wawili. Waraka ule upo kwenye faili, una sahihi yangu, na sijaomba uondolewe.

Mabibi na mabwana, ikaja Jumanne ya pili ya Novemba.

Jina la kimbunga kile sitalitaja. Wapo hapa ambao wakilisikia hawamalizi kula. Mlikuwepo. Mnakumbuka saa tatu asubuhi ilivyokuwa giza hata kuku wakarudi kulala. Chumbani kwetu tulikuwa sita. Mwanzoni kila kitu kilikwenda kama nilivyoahidi. Habari zilipoongezeka, Mnyapara akaita vibarua: wawili wakawa kumi, kumi wakawa thelathini, ilipofika saa nne walikuwa sitini na mmoja, na foleni ilikuwa fupi kama ya mchana wa kawaida. Niliegemea kiti nikaweka mikono kisogoni. Najua niliiweka, kwa sababu Ate Fely aliniambia, "Teremsha mikono, Hermie. Bado mapema."

Saa nne na dakika ishirini na tano, foleni ikaanza kupungua.

Nilitazama kwenye skrini. Vibarua sitini na mmoja wakawa arobaini. Arobaini wakawa kumi na tisa. Kumi na tisa wakawa saba. Ramani ilikuwa kijani kutoka milimani hadi baharini, kijani kizuri, kama mpunga uliopandikizwa juzi. Nikasema kwa sauti, na Mungu anisamehe, "Mnaona? Kinaondoka."

Niligeuka. Ate Fely alikuwa amesimama katikati ya chumba, kikombe mkononi, uso umeelekea juu.

"Sikiliza bati," akasema.

Mvua ilikuwa ikipiga paa la ofisi kama mtu anayemwaga kokoto. Haikuwa imepungua hata tone. Ilikuwa imezidi.

Mheshimiwa Gavana, nimewahi kuogopa maishani. Niliwahi kupotea baharini nikiwa kijana. Niliwahi kungoja nje ya chumba cha upasuaji mke wangu akiwa ndani. Lakini woga wa dakika ile ulikuwa wa namna nyingine. Uliingia kutoka chini, kwenye nyayo, kama maji baridi yanapoingia nyumbani kabla hujayaona. Kwa sababu nilielewa. Vipima-maji vya milimani, mia moja na arobaini, vilikuwa vimenyamaza vyote pamoja, na vya mabondeni, ambako maji yalikuwa bado hayajapanda, vilituma kila dakika tu. Minara ilikuwa imezimika. Na Mnyapara, mtumishi mwaminifu, aliona hakuna kazi, akawaaga vibarua wake. Kwenye skrini walibaki wawili.

Saa nne na dakika arobaini baadhi ya minara ikafufuka kwa jenereta. Mngedhani hapo tulipona. La. Vipima-maji vile havikuwa vimelala; vilikuwa vikihifadhi kila kipimo, na mawasiliano yaliporudi vilimwaga vyote kwa mara moja. Foleni ikapanda kama ukuta. Mnyapara akashtuka, akaanza kuita watu.

Hapa naomba akina mama waliowahi kupika kwenye sikukuu ya mtakatifu wetu wanisaidie kueleza. Wapishi wawili wako jikoni, wageni elfu mlangoni. Unamleta mpishi wa tatu. Lakini jikoni hapo kuna sheria: kila anapoingia mtu mpya, wote waweke visu chini, wagawane sufuria upya, ndipo waendelee kutoka pale walipoachia. Wanagawana, wameanza tu kukata vitunguu, anaingia wa nne. Visu chini. Anaingia wa tano. Visu chini. Wageni wanapiga meza. Mnyapara anaona wageni wamezidi, anazidi kuita wapishi, na kadiri anavyozidi kuita ndivyo chakula kisivyotoka kabisa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kila alipoongeza vibarua wachache, kazi nzima ilisimama ikagawanywa upya. Ilipoanza tena, foleni ilikuwa ndefu zaidi, naye akaongeza tena. Kwa dakika kumi na tisa, mabibi na mabwana, ofisi yenu ya maonyo haikutoa hesabu hata moja. Na ubao wa kila kijiji ulibaki na rangi ya hesabu ya mwisho. Kijani.

Redio ikalia. Ilikuwa sauti yako, Kapitan Balili.

"Ofisi, hapa Tubigan. Watu wananizonga. Tuhame ama tukae? Ubao wenu unasema kijani, lakini mto unanguruma vibaya."

Jocelyn alishika kipaza sauti, akanigeukia. Ni lazima niwaambie kwamba mama yake Jocelyn anaishi Tubigan, nyumba ya pili kutoka ukingoni. Hakulia. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo, "Kuya, nimjibu nini?"

Nilitupa jicho kwenye kanuni zilizobandikwa ukutani.

Kanuni zetu ziko wazi. Afisa haruhusiwi kuamuru kijiji kihame bila hesabu. Mwaka ule tulikuwa tumekwisha kutoa maonyo mawili ya uongo, watu wakahama na mali zao, maji hayakuja, na mkuu mmoja alikuwa tayari ameandikiwa barua ya karipio. Atakayetoa la tatu bila hesabu, tuliambiwa, atafute kazi nyingine. Ate Fely alikuwa amebakiza miezi minane astaafu.

Alimnyang'anya Jocelyn kipaza sauti. Simaanishi alikichukua kwa adabu, alimnyang'anya.

"Kapitan, hapa Fely. Usiutazame ubao. Hama."

"Ate, una uhakika? Wakirudi tena bure watanipiga mawe."

"Sina uhakika. Nina hofu. Hama sasa hivi."

Kapitan, sijui kilikupitia nini kichwani, na sijawahi kukuuliza. Ulisema, "Haya," ukaondoka hewani.

Kisha Ate Fely akamwambia Jocelyn aite vijiji vingine vyote, kimoja kimoja, maneno yaleyale. Halafu akanijia mimi.

"Mzime."

"Ate, nikimzima Mnyapara na kuwasha upya, tunakuwa vipofu dakika nne nzima. Na kama haitashika pale ilipoishia, tumepoteza kila kitu."

"Sasa hivi unaona nini?"

Nikatazama skrini. Vibarua kumi na mmoja, kumi na wanne, kumi na mmoja. "Sioni kitu."

"Basi unaogopa kupoteza nini, mwanangu?"

Alikuwa hajawahi kuniita mwanangu. Nilimzima. Kwa mkono, kama zamani, tuliandika idadi: tisini. Wote kwa mpigo, waingie pamoja, wagawane sufuria mara moja tu. Kisha tukangoja.

Je, mnajua dakika nne zina urefu gani? Jocelyn alikuwa akiita: Bagong Ilaya, wakajibu, Sampalukan, wakajibu, Kawayanan, kimya. Kawayanan. Kawayanan. Kimya. Ate Fely alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na meza ilikuwa ikitetemeka, kwa hiyo kalamu zilizokuwa juu yake zikawa zinabingirika moja moja na kuanguka sakafuni. Hakuna aliyeinama kuziokota. Nilidhani mtu jasiri ni yule asiyetetemeka. Nilimwona mama wa miaka sitini na nne akitetemeka mpaka meno yakagongana, na hata hivyo alikuwa amekwisha kufanya yote yaliyopaswa kufanywa.

Namba zikaja. Zilikuja zote kwa pamoja na ramani ikageuka nyekundu kuanzia juu, kama kitambaa kinapolowa. Kwenye Daraja la Malapad, ambako skrini ilikuwa ikisema mita tatu, maji yalikuwa mita saba na nusu, na ving'ora vikaanza kulia bonde zima, hata vya mjini tukavisikia ndani ya mvua.

Tubigan ina watu elfu moja mia moja na arobaini na sita. Njia yao ya kupandia shuleni kilimani hupita kwenye korongo, na korongo lile lilijaa dakika saba baada ya king'ora. Dakika saba zisingetosha. Lakini wao walikuwa wamekwisha kuanza kupanda kabla ya king'ora, kwa sababu ya neno la mwanamke asiye na uhakika. Mama yake Jocelyn alivuka kati ya watu wa mwisho, maji kiunoni, amempakata mbwa. Leo yupo, meza ya nne, na tayari ameongeza sahani ya pili ya nguruwe. Mama, kula. Kula hata ya tatu.

Ningependa hotuba yangu iishie hapo. Jocelyn naye angependa.

Lakini kuna Kawayanan. Redio yao ilikuwa imeingia maji tangu asubuhi. Hawakuwa na neno la Ate Fely. Walikuwa na ubao tu, na ubao ulikuwa kijani, nao waliuamini kwa sababu sisi ndio tuliokwenda kule na kuwaambia wauamini. Ulipogeuka mwekundu walipata dakika tano. Kaya arobaini na tatu zilikimbia kwa dakika tano. Mzee Isidro Pacunla hakuweza kukimbia, kwa sababu alikuwa amembeba mgongoni mkewe, Bibi Demetria, ambaye miguu yake ilikuwa imekwisha nguvu miaka mingi. Walikutwa siku ya tatu, chini ya Malapad. Nataja majina yao hapa kwa makusudi, mbele ya chakula na maua, kwa sababu dakika kumi na tisa zile zilikuwa zao, na aliyezipoteza ni mimi.

Baada ya maziko, Ate Fely alinichukua tukaenda Kawayanan. Sikutaka. Njia nzima nilikuwa nikitunga maneno: hitilafu, mazingira yasiyotarajiwa, minara. Tulimkuta binti yao, Bi Rosalinda, anachota matope ndani ya nyumba kwa sahani ya bati. Hakutukaribisha wala hakutufukuza. Akauliza, bila kuinua kichwa, "Ubao ulikuwa kijani. Kwa nini?"

Nilimtazama Ate Fely anisaidie. Alinishika kiwiko. "Sema wewe," akaninong'oneza.

Nikasema. Nilimwambia kwamba nilitengeneza mtumishi anayepunguza watu kazi ikipungua, nikasahau kumfundisha tofauti ya utulivu na kimya. Nilimwambia kwamba niliambiwa mapema, nikacheka. Sikutaja minara.

Aliendelea kuchota matope muda mrefu. Hatimaye akasema, "Sawa. Angalau wewe unaogopa. Walikuja wengine kabla yako na makoti mazuri, hawakuwa wanaogopa." Akanipa sahani nyingine ya bati. Tulichota mpaka jioni.

Mabibi na mabwana, Mnyapara bado yupo kazini. Sikumfukuza, na Ate Fely mwenyewe alikataa afukuzwe. Alisema kuweka vibarua arobaini wapige miayo Aprili nzima hakukuwa busara pia. Miezi hii minane alikaa nami kumfundisha upya. Sasa kipima-maji kikinyamaza, kimya chake huhesabiwa kuwa hatari, wala si amani. Wakati wa kimbunga anaweza kuongeza vibarua wakati wowote, na huwaongeza wengi kwa mara moja, lakini kuwapunguza hawezi mpaka saa nzima ipite na binadamu aliye chumbani aweke sahihi. Na habari zikichelewa dakika mbili, ubao hauonyeshi kijani. Unazimika, ili kila anayeutazama ajue kwamba hatujui. Haya ni mambo mazuri, nami nayaonea fahari. Hata hivyo silali vizuri. Kwa sababu swali lile la kahawa halikutoka kwenye mashine. Lilitoka kwa mtu aliyekuwa na hofu. Liko lipi lingine ambalo bado hakuna aliyeogopa vya kutosha kuliuliza?

Ndiyo maana, Mheshimiwa Gavana, na nasema haya kwa heshima yote unayostahili, nimeogopa sana niliposoma waraka ulioko mezani kwako. Unapendekeza kwamba, kwa kuwa mfumo sasa umerekebishwa na miezi minane imepita kwa utulivu, chumba chetu kipunguzwe kutoka watu sita hadi wawili. Umeandikwa vizuri waraka ule. Nimeutambua mwandiko, si wa mkono wangu, ila ni wa akili yangu ya miaka miwili iliyopita. Miezi minane ya utulivu, Mheshimiwa. Foleni fupi. Nakuomba, kabla hujatia sahihi, uje ukae nasi zamu moja siku ya mvua. Kiti kipo. Kuanzia leo kiko wazi.

Sasa nimalizie, maana Jocelyn ananionyesha saa.

Kama mlivyosikia redioni asubuhi, kuna kitu kinazunguka mashariki ya visiwa vyetu. Hakijapewa jina. Wataalamu wanasema huenda kikapinda kuelekea kaskazini, huenda kisipinde. Kisipopinda, kitatufikia Alhamisi, siku mbili baada ya keki hii, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja Ate Fely hatakuwa chumbani wala likizoni. Chumbani nitakuwa mimi. Asubuhi hii, wakati tunapanga viti hivi mnavyokalia, nilimvuta kando nyuma ya pazia lile. Nilimwambia, "Ate, ni zamu moja tu. Njoo Alhamisi ukae tu pembeni, hata usiseme kitu."

Akakataa. Nikambembeleza. Nilimwambia ukweli wangu wote: kwamba ninaogopa, kwamba nimeota kijani kile usiku wa kuamkia leo.

Akanirekebisha kola ya shati, kama ninyi wanawe mnavyojua anavyofanya. Akasema, "Ndiyo maana siji. Nikiwepo, utanitazama mimi. Alhamisi nataka uutazame mto."

Basi, Ate Fely, nenda kapumzike. Hofu yako umeniachia, nami nimeipokea kwa mikono miwili, ingawa inatetemeka. Na ninyi mnaorudi mabondeni leo, kuleni, chezeni, mkumbatieni mama huyu. Lakini mkifika nyumbani jazeni betri za redio, na mkisikia mto unanguruma vibaya msitungoje. Kwa kunipa masikio yenu siku ambayo mlikuja kucheka, nawashukuru kwa moyo wangu wote.